Ni Mafua Tu

Stesheni ya Kolwezi, 6 Juni 1993

Yaya Ernestine,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku la marehemu mume wangu Muteba, kwa sababu saruji ya hapa ina baridi inayopanda mpaka tumboni. Barua hii ataileta Mama Blandine, yule muuza mikate wa upande wenu wa Dilala. Anaiweka chini ya mikate, lakini vijana wa kizuizi cha barabarani wamekwisha kujua kufunua beseni lake. Basi kama mmoja wao anaisoma sasa, namsalimu, na namwomba aifikishe.

Sisi tuko. Leo tumeingia wiki ya kumi na moja tangu tutolewe kwenye nyumba zetu kwa kuwa tunaitwa watu wa Kasai. Tunalala chini ya plastiki karibu na ghala la mizigo, familia tisa katika mstari mmoja. Treni ya mwisho ya Kasai iliondoka mwezi uliopita, na inayofuata hakuna anayeijua siku yake. Watu wanasema tunakwenda nyumbani. Mimi nilizaliwa hapa Kolwezi, Yaya. Baba yangu alishuka mgodini hapa mpaka kifua kikamshinda. Hiyo Kasai sijaiona hata siku moja.

Ninachokuandikia ni Tshiela. Tangu jana ana mafua. Anapiga chafya, pua inatiririka, na akishika titi analiachia baada ya kidogo na kulia kwa hasira, kwa kuwa hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Hasira zake unazijua. Wewe ndiye uliyempokea kwa mikono yako, miezi miwili baada ya kumzika Muteba, ukasema amekuja amekunja uso kama baba yake akisoma mizani ya malori. Nilicheka siku ile, ingawa nilikuwa sijacheka tangu mazishi.

Hapa kila mtu ana neno lake. Mmoja anasema mafua ni baridi iliyoingia mifupani, mwingine anasema ni vumbi. Kuna baba anapita na vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu nusu njano, anasema vinakata mafua kwa siku moja. Nilitaka kukuuliza wewe kwanza, kwa sababu umekuwa dada mkubwa kwangu tangu tulipokuwa majirani, tena una miaka mingi ya uuguzi katika dispanseri. Mafua ni nini hasa? Nimfanyie nini?

Na kama inawezekana, uje Jumapili ijayo baada ya misa umtazame. Kwa miguu ni chini ya saa moja. Nikikuona wewe umemtazama, nitalala.

Mdogo wako,
Mbelu


Dilala, 9 Juni 1993

Mdogo wangu Mbelu, Mama Tshiela,

Barua yako ilifika ikinuka mafuta ya mikate, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Nashukuru kwamba uliniuliza kabla ya kununua vidonge. Usinunue. Vile ni dawa za kuua vijidudu vya aina nyingine kabisa. Mafua yanaletwa na kijidudu kidogo mno ambacho hakuna kidonge kinachokifikia. Huja, hukaa, huondoka chenyewe. Daktari Mbelgiji aliyetufundisha zamani alikuwa anatuambia: ukiyatibu mafua yanapona kwa siku saba, usipoyatibu yanapona kwa wiki moja. Tulikuwa tunacheka kila mara.

Hayatoki kwenye baridi. Msimu wa baridi watu hubanana ndani, mmoja anakohoa, mwingine anapokea. Na mnavyolala ninyi, familia tisa chini ya plastiki, mafua ya mmoja ni mafua ya wote. Yanapita zaidi kwa mikono kuliko watu wanavyodhani. Mtu anajifuta pua, anamshika mtoto shavu, basi. Kwa hiyo wakatalie wanaotaka kumbeba kabla hawajanawa, hata wakikasirika. Mwenye kukohoa akohoe kwenye mkono wa shati lake.

Kwa pua iliyoziba fanya hivi. Chemsha maji, kikombe kimoja kikubwa, tia chumvi nusu ya kijiko kidogo, acha yapoe. Mtilie matone mawili kila tundu kwa kona ya kitambaa safi, kabla hujampa titi. Subiri kidogo, mfute, kisha mnyonyeshe. Akiachia, mpumzishe, umrudishe. Kidogo kidogo lakini mara nyingi. Usimtilie puani mafuta ya kunukia, na usimfukize kwa majani ya mkalitusi. Mabibi wanaopenda kufukiza nawajua. Mtoto mdogo anaweza kuungua au kukosa pumzi chini ya blanketi.

Kamasi ikigeuka ya njano au kijani usiogope. Ndiyo njia yake. Siku ya tatu na ya nne ndizo mbaya, kisha yanaanza kulegea. Kikohozi kinaweza kubaki hata siku kumi.

Jumapili nitakuja. Nitapita baada ya misa ya kwanza. Mbusu Tshiela kwenye nyayo, huko hakuna mafua.

Yaya wako,
Ernestine Banza


Stesheni ya Kolwezi, 12 Juni 1993

Yaya Ernestine,

Barua yako niliisomea familia zote tisa. Nilisimama juu ya sanduku kama padri. Mama Mushiya, yule mzee aliyekuwa anauza samaki wakavu karibu na kambi, hakukubali kabisa. Alikuwa amekwisha kuchuma majani ya mkalitusi na maji yanachemka.

"Mafua inatoka mu kichwa," akasema, "inashuka mu pua. Unafukiza kichwa, imekwisha."

Mwenzake akamjibu: "Kama inatoka mu kichwa, ya weye ingelikwisha zamani. Mule hamuna kintu."

Watu walicheka mpaka plastiki ikatikisika. Mama Mushiya naye alicheka, akanawa mikono mbele yangu, kidole kwa kidole, ili aruhusiwe kumbeba mtoto. Yule baba wa vidonge alipopita nikamwambia sitaki. Akauliza, "Weye ulisomea wapi udaktari?" Nikasema, "Kwa yaya yangu." Alikwenda zake akinung'unika.

Leo ni siku ya nane. Kamasi imegeuka ya njano, kama ulivyosema. Maji ya chumvi yanamsaidia, ingawa akikiona kitambaa anafunga macho na mdomo pamoja, utadhani pua iko huko. Ananyonya kidogo kuliko zamani. Jana na leo amekuwa mzito wa usingizi, na mwili wake una joto. Labda ni kuchoka kwa kukohoa. Wewe utaona kesho.

Nimefua gauni lake la njano. Mama Mushiya ameahidi kutupa kiti chake, kwa sababu anasema muuguzi wa dispanseri hawezi kukaa juu ya sanduku.

Tunakungoja.

Mdogo wako,
Mbelu


Dilala, 14 Juni 1993

Mdogo wangu Mbelu,

Unisamehe. Jana sikuweza kuja. Jumamosi jioni nilianza kupiga chafya, na Jumapili asubuhi pua yangu ilikuwa imeziba na kichwa kinauma. Baada ya yale yote niliyokuandikia, ningewezaje kuja na mafua kumshika mtoto mgonjwa? Nimeona afadhali nibaki ndani. Nitakuja Jumapili nyingine nikipona.

Lakini sikupenda ulivyoandika kwamba ana joto na usingizi mzito katika siku ya nane. Siku ya nane anapaswa kuwa anachangamka. Kwa hiyo nisome vizuri.

Kuna wakati mafua yanaufungua mlango, na kitu kingine kinaingia nyuma yake na kushuka kifuani. Hicho si mafua tena, na hakingoji siku saba. Unakijua kwa kupumua. Chukua saa ya Muteba. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi, halii, fungua nguo yake na utazame tumbo linavyopanda na kushuka. Hesabu dakika nzima. Kwa umri wake, ikifika hamsini au zaidi, ni hatari. Tazama pia chini ya mbavu: akivuta pumzi na pale panabonyea ndani, ni hatari. Akikataa titi kabisa, au akiwa mgumu wa kuamka, ni hatari. Kimoja tu kinatosha. Usisubiri kingine.

Ukiona hivyo, mpeleke saa ileile kwenye hema la madaktari wageni, upande wa pili wa reli. Wana sindano. Usikubali kupangwa nyuma ya mstari. Sema mbele za watu: mtoto huyu anapumua mbio.

Nijibu kwa Mama Blandine uniambie umehesabu ngapi. Nataka namba.

Yaya wako,
Ernestine


Stesheni ya Kolwezi, 16 Juni 1993

Yaya Ernestine,

Pole sana na mafua. Unywe maji moto, upumzike, usikaribie watoto wadogo, kama ulivyotufundisha sisi.

Nimehesabu kwa saa ya Muteba. Ni arobaini. Chini ya mbavu hapabonyei. Ananyonya. Ni mafua tu.

Habari kubwa ya hapa ni treni. Imesemwa itaondoka keshokutwa, Ijumaa. Tata Kalala, yule baba mwalimu wa zamani ambaye kamati imempa kazi ya kuandika orodha, amepita leo kati ya mistari. Ameweka sheria mpya: mwenye homa kali na mtoto anayepumua mbio hawapandi, watangoja treni nyingine, kwa sababu treni iliyopita ilizika watu wengi njiani. Alifika kwetu na daftari lake.

"Mutoto eko na nini?"

"Mafua tu, tata."

"Bote hapa beko na mafua tu," akasema. "Kule mwisho kuna muzee anakohoa damu, naye eko na mafua tu. Mafua ya Kolwezi iko na nguvu kweli."

Hakucheka. Alimtazama Tshiela mgongoni kwangu, akanitazama mimi, kisha akaandika majina yetu mawili. Mbelu, mjane wa Muteba. Tshiela, miezi saba.

Kwa hiyo Jumapili hatutakuwepo. Usijisumbue kuja. Nilipita kuaga kaburi la Muteba kwa mawazo tu, kwa sababu njia ya makaburini imefungwa kwetu. Ukipata siku ya kupita, ung'oe majani.

Mdogo wako,
Mbelu


Dilala, 19 Juni 1993

Mbelu, mdogo wangu,

Naandika haraka. Tata Mukuna wa reli anaondoka saa nane kwa kiberenge kwenda Tenke, na amekubali kuichukua barua hii. Mume wangu Kalumba hajui. Tata Mukuna anasema treni yenu itasimama Tenke siku mbili au tatu kungoja kichwa kingine cha kuivuta. Namwomba Mungu isimame.

Leo asubuhi Mama Blandine amekuja hapa. Amesema aliwaona mkipanda jana. Nikamuuliza mtoto alikuwaje. Akasema, "Ule mutoto? Anapumua sawa kuku mu jua."

Mbelu, kuku kwenye jua hapumui mara arobaini.

Sijui ulihesabu vipi. Sitaki kuuliza sasa. Treni ikiwa bado Tenke, shuka. Shuka hata kama watachukua nafasi yako, hata sanduku libaki. Kuna masista karibu na kanisa, wana dispanseri, na penisilini wanayo. Humu ndani nimeweka karatasi yenye jina langu na maelezo, mwonyeshe muuguzi yeyote. Siku mbili za sindano zinaweza kumrudisha. Nimewaona wengi waliorudi.

Na kuna jambo lazima niliandike, kwa sababu nisipoliandika leo sitaliandika tena. Jumapili ile sikuwa na mafua.

Nilikuwa nimekwisha kuvaa. Nilikuwa na kitambaa cha kichwani, viatu, mfuko wenye mikate na dawa ya homa. Kalumba alikuwa amekaa uani anapasua kuni. Akasema, "Misa imekwisha, unaenda wapi?"

"Kwa Mama Tshiela. Mutoto eko mugonjwa."

Hakupaza sauti. Akasema, "Ukionekana kule, kesho batakuja huku. Batasema Banza eko analisha bilulu. Unataka watoto yako balale mu stesheni na beye?"

Yeye naye, Mbelu, mtu aliyekula kwako, aliyechukua jeneza la Muteba begani, akatumia neno lile wanalowaitia ninyi, wadudu. Nadhani alilitumia ili aweze kunizuia. Nikasimama pale. Vumbi la kuni likanipiga puani, nikapiga chafya moja. Moja tu. Nikajiambia: hii hapa, sababu imepatikana. Nikavua viatu.

Kama ningekuja, nisingehitaji saa. Ningelaza sikio kwenye mgongo wake.

Shuka, mdogo wangu. Shuka Tenke.

Ernestine


Tenke, 22 Juni 1993

Yaya Ernestine,

Tshiela amefariki. Ilikuwa Jumapili, saa sita mchana, ndani ya behewa, treni ikiwa imesimama hapa. Barua yako ilinifikia jana, Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Wanaume wanne wa behewa letu walichimba ng'ambo ya reli, kwa sepetu waliyoazimwa na fundi wa njia. Ardhi ya hapa ni ngumu na nyekundu. Walikuwa bado wanachimba kichwa cha treni kilipopiga filimbi, na watu wote wakakimbia kurudi, kumbe kilikuwa kinahama tu kutoka reli moja kwenda nyingine. Wakarudi wakamaliza. Mama Mushiya aliongoza sala. Nilimwandikia jina kwa makaa kwenye ubao wa sanduku la chai. Mvua ya kwanza italifuta.

Nataka nikueleze namba, kwa sababu uliniomba.

Nilihesabu Jumatano mara tatu. Ilikuwa sitini na nane, kisha sabini, kisha sitini na nane. Chini ya mbavu palikuwa panabonyea, kidole changu kingeweza kulala pale. Barua yako ilikuwa juu ya goti langu, na niliielewa yote. Nikaandika arobaini.

Kama ningekuandikia sitini na nane, ungeniambia nisipande. Na ningekutii. Nimekutii tangu nilipohamia karibu na ua wako nikiwa sijui hata kuosha mtoto. Kama ningempeleka kwenye hema, madaktari wangemwambia Tata Kalala, na jina letu lingefutwa. Wiki kumi na moja, Yaya. Watoto watatu wa mstari wetu walikuwa wamekwisha kufa kwa kungoja, na nikajiambia kufa kwa kungoja na kufa kwa kwenda ni kufa tu, lakini mbele, huko Kasai, kuna nyumba ya mama mkwe yenye moto na kuta. Nilifikiri safari ni siku nne. Nilifikiri anaweza kuzivumilia siku nne.

Tulikuwa na njia yetu sisi wanawake, na sikukwambia. Tata Kalala akipita na daftari, unamfunga mtoto mgongoni, unamfunika, unaanza kuyumba kama unayembembeleza. Ukiyumba, hakuna anayeweza kuona mtoto anavyopumua. Siku ile ya orodha mstari mzima ulikuwa unayumba, wanawake ishirini na kitu, bila wimbo. Tata Kalala alikuwa mwalimu, si mjinga. Alijua. Nadhani ndiyo sababu hakucheka.

Mimi nilikuwa nahisi pumzi yake kwenye uti wa mgongo wangu, mbio mbio, nami nayumba, nasema ni mafua tu, tata.

Karatasi yako ya kuwaonyesha masista nimeikunja na kuiweka. Wanasema leo tutaondoka kuelekea Kamina.

Mbelu


Mwene-Ditu, 26 Septemba 1993

Yaya Ernestine,

Barua zako tatu nimezipata zote. Moja ilipitia kwa mapadri, mbili kwa watu wa reli. Sikujibu. Kila nilipochukua kalamu nilianza kwa kuandika jina lako, kisha nikabaki kulitazama.

Unaandika kwamba hulali vizuri, kwamba katika dispanseri mama akisema ni mafua tu unamvua mtoto nguo wewe mwenyewe, unahesabu, unarudia, mpaka wenzako wanakulalamikia kwa kuchelewesha watu. Endelea kuwachelewesha.

Unaandika pia kuomba msamaha, katika barua zote tatu. Yaya, acha nikuambie jambo ambalo hulijui. Ile barua ya mafua yako ilipofika, Mama Blandine alikuwa anapanga mikate, akaniambia bila kuwaza lolote kwamba asubuhi ileile ulinunua mikate kwake, na mkaimba pamoja wimbo wa misa ya jana yake, na sauti yako ilikuwa safi. Kwa hiyo nilijua. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Sikukukasirikia, nakuapia. Nilielewa kwamba umeogopa, na mimi pia nilikuwa naogopa. Lakini nilijisemea moyoni: kama Yaya anaweza kuandika mafua pasipo na mafua, hata mimi naweza kuandika arobaini.

Sikuambii hili ili likuumize. Nakuambia kwa sababu umeniandikia ukweli wako, na huu ni wangu. Usiniombe tena msamaha. Nikikusamehe wewe itabidi nijisamehe na mimi, na hilo siliwezi. Labda baadaye. Sijui.

Hapa niko kwa mama yake Muteba. Ni mama mzuri, hasemi sana. Nyumba ina kuta na moto, kama nilivyodhani. Tunalala kumi na wanne. Watu wa mtaa wanatuita wa Katanga, na Tshiluba changu kinawachekesha, kwa sababu nakichanganya na Kiswahili kila neno la tatu. Kule Kolwezi nilikuwa wa Kasai, huku ni wa Katanga. Nikienda kisimani nikisema ninakuja, watoto wananiiga: "minakuya."

Mwezi uliopita mtoto wa shemeji yangu, mwenye miezi sita, alishikwa na mafua. Wote walinigeukia, kwa sababu Mama Mushiya alikuwa amekwisha kutangaza huku kwamba mimi ninayajua mafua. Nilichemsha maji, nikapima chumvi. Niliwanawisha mikono. Nilihesabu pumzi zake asubuhi, mchana na jioni: thelathini na nane, arobaini, thelathini na tisa. Siku ya tatu ilikuwa mbaya na ya nne pia, kisha yakalegea. Siku ya nane aliamka akacheka, pua kavu. Ilikuwa ni mafua tu, Yaya. Kila kitu ulichoniandikia kilikuwa kweli, mpaka siku zenyewe. Walinipigia makofi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka waliponiita kula, na sikula.

Kinachonisumbua zaidi si hicho. Walipofika ndugu wa Muteba kutoka vijijini, waliketi siku tatu kumlilia, kwa sababu mwaka jana hawakuweza kufika Kolwezi. Walisimulia utoto wake, jinsi alivyokuwa anahesabu mbuzi wa jirani bila kuombwa. Kila mtu alikuwa na la kusema. Tshiela walimtaja mara moja, kwenye sala ya mwisho. Siwalaumu. Mama mkwe aliniuliza alifanana na nani. Nikasema na baba yake, hasa akikunja uso. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Hakuwa na namna ya kujua kama nasema kweli.

Picha sina. Mama Mushiya macho yake yanakwisha, na amekwisha kuanza kumchanganya na mjukuu wake. Wale wengine wa mstari wetu walishuka Kamina na Luputa, sijui wako wapi. Mji huu wote haumjui. Nikisema alikuwa na nukta nyeusi nyuma ya sikio la kushoto, hakuna wa kuniitikia. Nikisema alikuwa anashika kidole gumba cha mtu na kukivuta mdomoni kana kwamba amekikuta njiani, hakuna. Wakati mwingine nawaza nimemtunga.

Wewe ulimshika kabla yangu. Ulimwona kila siku kwa miezi mitano, juu ya uzio wa ua wako. Sikuombi uje, sikuombi uandike mara kwa mara, na Kalumba asisumbuliwe. Naomba hili moja tu: umkumbuke Tshiela. Na mimi pia, Yaya, unikumbuke.

Mbelu